Pimeni Kisima Kabla ya Kununua Mipira

Kutoka Moa hadi Mkwaja imeenea kauli kwamba kinachomkosesha mkulima wa pwani ya Tanga pilipili hoho za mwaka mzima ni kukosa dripu. Utaisikia kwenye semina za vijana, kwenye mabanda ya Nane Nane, kwenye vikao vya vikundi vinavyosubiri mkopo wa halmashauri: chimba kisima, pandisha tenki, tandaza mipira ya matone, panda hoho, uza sokoni Mgandini wakati mzigo wa Lushoto umepungua na bei imepanda. Hesabu inaandikwa ubaoni na kila anayeitazama anaona faida. Katika hesabu hiyo maji ni maji tu. Yana wingi, yana gharama ya kuyavuta, basi. Ninaipinga kwa sababu imeacha nje jambo ambalo huku pwani ndilo linaloamua nani avune na nani afilisike, yaani kile kilichoyeyuka ndani ya maji yenyewe.

Sina ugomvi na dripu. Mpira unaodondosha tone moja moja kwenye shina hauloweshi majani, na hoho isiyolowa majani huepuka magonjwa mengi ya ukungu. Palizi inapungua kwa kuwa katikati ya matuta pamebaki pakavu. Mbolea inafika mzizini pamoja na maji. Mtu wa Muheza anayechota kijito kinachoshuka kutoka misitu ya Amani ana maji laini, hayako mbali na maji ya mvua, na akifunga chujio zuri la kuzuia mchanga na majani atavuna bila kunihitaji. Ninayemwandikia ni mwenye ekari moja Kigombe, Tongoni, Kipumbwi au Manza, aliyeambiwa kwamba mipira ileile itampa mavuno yaleyale.

Tuanze na mmea. Mnazi unasimama karibu na ufukwe na unazaa, lakini hoho haina kifua hicho. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuhusu ubora wa maji ya kilimo, ulioandikwa na Ayers na Westcot na kutolewa upya mwaka 1985, unatoa viwango ambavyo kila anayeuza dripu pwani angepaswa kuvijua kwa moyo. Chumvi ya maji hupimwa kwa desisimensi kwa mita, kwa kifaa kidogo cha mkononi kinachotumbukizwa kwenye glasi. Maji ya bahari husoma kama 50. Maji ya 1.0 hayaidhuru hoho. Yakifika 1.5, mavuno yanapungua kwa asilimia 10. Yakifika 2.2, robo ya mavuno imekwenda. Yakifika 3.4, imekwenda nusu, na hapo mkulima hajapambana bado na mdudu wala dalali.

Maji ya 2.2 yana kama gramu moja na nusu ya chumvi katika lita. Aliyekulia kwenye visima vya ufukweni huyanywa bila kukunja uso, hupikia wali na hukogea. Ndiyo maana jibu la "tunakunywa tangu enzi za babu zetu, pilipili ni nani hata iyakatae?" halifai kitu shambani. Mtu hunywa lita chache kwa siku na mwili wake huitoa chumvi kwa mkojo na jasho. Mmea hunyonya maji na kuiacha sehemu kubwa ya chumvi udongoni, palepale mzizini, kesho hivyo hivyo na keshokutwa hivyo hivyo.

Chukua ekari moja ya hoho inayopewa lita 16,000 kwa siku, kiasi cha kawaida wakati wa kiangazi, kwa siku 100. Hizo ni lita 1,600,000. Maji yakiwa na kipimo cha 2, yaani karibu gramu 1.3 kwa lita, mkulima huyo ameingiza shambani zaidi ya tani mbili za chumvi mbalimbali. Ni mifuko 40 ya kilo 50. Angeambiwa aibebe kwa mkokoteni na kuimwaga kwenye matuta angemfukuza aliyemwambia. Kwa kuwa imepita mpirani ikiwa imeyeyuka, analipia dizeli ili iingie.

Na hapa ndipo sifa kuu ya dripu inapogeuka kuwa shutuma. Wauzaji husema kwa fahari kwamba hakuna tone linalopotea. Viwango vya FAO nilivyovitaja vina sharti lake: vinachukulia kwamba asilimia 15 hadi 20 ya maji yanayotiwa shambani yanapita chini ya mizizi na kuondoka na chumvi. Maji hayo wanayoyaita hasara ndiyo yanayosafisha udongo. Mkulima anayebana matone hadi mmea upate haja yake tu, asiachie hata kidogo kipite, hafikii hata mavuno yaliyoahidiwa na viwango hivyo. Chumvi yake haina pa kwenda. Kwa maji ya 1.5, kanuni ya mwongozo uleule inadai karibu robo ya maji yote ipite chini ili hoho isipungukiwe. Basi hesabu ya ubaoni iandikwe upya. Tenki ni kubwa zaidi, pampu inafanya kazi muda mrefu zaidi, na ule "uokoaji wa maji" unaochapishwa kwenye vipeperushi umepungua sana.

Kuna waliosoma zaidi watakaonijibu kwamba Tanga si jangwa: masika itaosha kila kitu. Ni hoja yenye uzito, na kwa kweli ndiyo neema yetu kubwa. Mji wa Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na masika moja nzuri, kuanzia Machi hadi Mei, inaweza kuishusha chumvi ya mwaka uliopita chini kabisa kwenye udongo wa kichanga. Lakini hoho ya dripu inapandwa ili ivunwe wakati mvua haipo, kuanzia Juni hadi Oktoba, na chumvi inayoiua ni ya miezi hiyo. Kisha vuli inaanza. Chini ya dripu chumvi hukusanyika pembezoni mwa duara la unyevu na juu ya tuta, mahali unapoona utando mweupe. Manyunyu ya kwanza ya vuli hayana nguvu ya kuishusha chini. Huiyeyusha tu na kuirudisha katikati, mzizini. Mkulima akiona mawingu hufunga koki apumzishe pampu. Anapaswa kufanya kinyume: aache dripu ifanye kazi mvua ikinyesha, mpaka udongo uwe umelowa vya kutosha na chumvi imesukumwa chini. Hata pale ambapo kila kifaa kilifungwa kwa ustadi, sijaona wauzaji wakiliweka jambo hili katika mafunzo yao.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi ugonjwa huu unavyotibiwa kwa sumu yake mwenyewe. Hoho yenye chumvi mzizini hunyauka saa sita mchana hali udongo una maji. Kingo za majani zinaungua. Matunda yanaoza kitako kwa sababu mmea unashindwa kupandisha kalsiamu ya kutosha. Mkulima anadhani mmea una njaa, anaongeza mbolea ya kuyeyusha. Mbolea hiyo nayo ni chumvi: gramu moja ya nitrati ya potasiamu katika lita moja huongeza kipimo kwa zaidi kidogo ya 1. Maji yaliyotoka kisimani na 2 sasa yanafika shinani na 3. Mmea unazidi kunyauka, anaitwa muuza dawa, anauza dawa ya ukungu. Wiki mbili baadaye lawama inatua kwa mbegu, au kwa jirani mwenye jicho baya. Fedha ya mbolea na ya dawa imetumika kumaliza shamba ambalo kipimo cha dakika moja kingelieleza.

Chumvi si mzigo pekee wa maji yetu. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale na mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yametobolewa na maji katika jiwe hilo, na kiwanda cha saruji kiko Pongwe kwa sababu jiwe hilo liko Pongwe. Maji yanayopita humo yanabeba kalsiamu na baikaboneti. Ni yale maji ambayo sabuni haitoi povu na sufuria inaota gamba jeupe. Mpira mweusi wa dripu ukilala juani mchana, maji yaliyotulia ndani yake yanapata moto, gesi ya kaboni inatoka na chokaa inaganda, na mahali finyu kuliko pote ni kwenye tundu lenye upana usiofika milimita moja. Kwanza mimea ya mwisho wa mstari inakosa maji. Kisha mimea ya katikati. Nimeona wakulima wakitoboa matundu kwa sindano, na baada ya hapo kila tundu linatoa kiasi chake, hoho moja inaelea na ya pili inakufa kwa kiu. Mipira iliyouzwa kuwa itadumu miaka mitano inaishia kufungia mbuzi.

Chujio halizuii chokaa, kwa sababu chokaa imeyeyuka. Inapita kwenye chujio kama sukari kwenye chai. Dawa yake ni kushusha ukali wa baikaboneti kwa asidi iliyopimwa, na kuosha mistari kwa kufungua ncha zake mara kwa mara. Wanaofanya hivyo wasiwahi kuchanganya asidi na klorini ya kuosha ukungu wa mabomba, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayoua. Nenda ndani zaidi, ambako maji ya visima yanaweza kubeba chuma: yanatoka safi, yakikutana na hewa yanageuka rangi ya kutu, na zaidi ya miligramu 1.5 za chuma kwa lita ni tishio kubwa kwa matundu. Mto Zigi baada ya mvua una tope lake. Kila maji yana mzigo wake na kila mzigo una matibabu yake, lakini kifurushi kinachouzwa ni kimoja: mipira, koki na chujio moja la plastiki.

Wengine watasema: kama kisima kifupi kina chumvi, chimba kirefu. Ushauri huu ni hatari kuliko yote, na unatolewa zaidi na mchimbaji anayelipwa kwa mita. Chini ya ardhi ya ufukweni maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Badon Ghyben wa Uholanzi mwaka 1889 na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901 walionyesha uwiano wake: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Ukivuta hadi kushusha ile mita moja, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa mita 40. Kwa hiyo anayechimba kirefu karibu na bahari anaifuata chumvi ilipo, na anayevuta kwa nguvu anaiita ipande. Pampu ya sola imezidisha hatari hiyo: jua halina bili, kwa hiyo inavuta tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyekuwa akimwagilia robo ekari kwa ndoo sasa ana ekari mbili za dripu, na hesabu ya kijiji kizima ya maji yanayotoka ardhini imepanda huku kila mmoja akijisifu kwamba anaokoa.

Watu wa pwani hii wenye ndugu Oman hawana haja ya kubahatisha mwisho wa njia hiyo. Uwanda wa Batinah, kaskazini-magharibi ya Muscat, ulikuwa bustani ya mitende na ndimu kwa vizazi. Tangu miaka ya 1970 pampu za injini zilienea, bahari ikaingia chini ya mashamba, na mashamba mengi ya upande wa ufukweni yakaachwa. Mtende ni miongoni mwa miti inayobeba chumvi kuliko mazao karibu yote ya chakula, na huko ulikufa. Serikali ililazimika kuzuia visima vipya na kujenga mabwawa ya kurudisha maji ardhini. Hoho isingefika hata nusu ya njia hiyo.

Mto Pangani nao usitazamwe kama jibu jepesi. Maji yake yanaanza Kilimanjaro na Meru, yanatumika mashambani njiani, yanashikwa Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, na yanayobaki yakifika mlangoni hayana nguvu ya kuisukuma bahari kama zamani. Bahari inapanda mtoni na wanavijiji wa kingo zake wameona minazi na mashamba yakidhurika. Anayeweka pampu huko bila kuwauliza wavuvi anajidhulumu. Mvuvi anajua siku za bamvua na anajua maji kupwa na kujaa. Maji ya chumvi ni mazito, yanaingia kwa chini. Mdomo wa bomba ukizamishwa kitakoni mwa mto wakati wa maji kujaa, tenki linajazwa bahari. Bomba lielee karibu na uso wa maji, livute wakati wa kupwa, na kipimo kisomwe kabla koki ya shamba haijafunguliwa.

Halafu linaletwa jina la Israeli, kama vile jina hilo linafunga mjadala. Kweli dripu ya kisasa ilikomaa huko miaka ya 1960, kwa kazi ya Simcha Blass na watu wa kijiji cha ushirika (kibbutz) cha Hatzerim. Kweli pia kwamba bonde la Arava linalima hoho kwa maji ya chumvichumvi. Wanaolitaja waseme na mengine: wakulima wa Arava wanatia maji mengi kuliko haja ya mmea, kwa makusudi, ili chumvi isukumwe chini. Wanapima kipimo cha maji na cha udongo msimu mzima, na wana maabara na wataalamu nyuma yao. Walichoagiza wenzetu kutoka kwao ni mpira. Upimaji ulibaki kulekule.

Tanga haina kisingizio cha kukosa mahali pa kupimia. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kilichoanza na mkonge katika miaka ya 1930 na sasa kikiwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho kilichobeba kazi ya kitaifa ya udongo kwa miongo mingi, na maabara iko pale. Kifaa cha mkononi cha kusoma chumvi ni rahisi mno kikilinganishwa na gharama ya kuchimba. Kila afisa ugani wa kata za ufukweni anapaswa kuwa nacho mfukoni kama mganga alivyo na kipimajoto. Na kipimo kisichukuliwe masika, wakati kila kisima ni kitamu. Kichukuliwe Februari kabla mvua haijaanza, au Septemba, baada ya pampu kuvuta kwa saa kadhaa mfululizo, kwa kuwa maji ya ndoo ya kwanza si maji ya shamba.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ninadai kwamba pasitoke hata shilingi moja ya fedha hiyo kununulia dripu ya hoho ufukweni pasipo karatasi ya maabara yenye kipimo cha chumvi, cha baikaboneti, cha kalsiamu, cha sodiamu, cha kloraidi na cha chuma. Maji yakiwa chini ya 1.0, kikundi kipewe mipira yake na baraka. Yakiwa kati ya 1 na 2.2, mkopo uhesabu pia tenki la mvua la kukuzia miche, kwa maana mche mchanga ndio unaoumia kwanza, na uhesabu maji ya ziada ya kusukuma chumvi. Paa la mita za mraba 100 linakusanya karibu lita 100,000 kwa mwaka katika mvua zetu. Hayatoshi ekari, lakini yanatosha kitalu na kuchanganya wiki zile mbaya. Yakizidi 2.2, kikundi kiambiwe hapana kwa hoho, na kiambiwe mapema. Kunde, ambazo kila jiko la pwani linazijua, zinabeba zaidi ya mara tatu ya chumvi ya udongo inayoanza kuidhuru hoho. Hakuna anayeziita kilimo biashara, ila hazimwachi mtu na deni.

Najua nitakaloambiwa: masharti yanachelewesha vijana. Kinachomchelewesha kijana ni miaka mitatu ya kulipa mkopo wa shamba lililokufa msimu wa kwanza, huku wenzake wakijifunza kutokana naye kwamba kilimo hakilipi.

Jambo moja zaidi halihitaji hata fedha mpya. Visima virefu vinachimbwa kwa vibali, na bonde letu, pamoja na Zigi, Umba na Msangazi, lina Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye makao Moshi. Taarifa za kina na ubora wa maji ya visima vilivyokwisha kuchimbwa ziletwe kwenye ofisi za kata na kubandikwa ukutani, kijiji kwa kijiji, pamoja na mwezi wa kupimwa. Kijana wa Mtimbwani anayetaka kuchimba mwezi ujao ana haki ya kujua jirani yake alipata maji gani, kwa mita ngapi, kabla hajatia saini.